Barua Zisizo na Irabu

Msomaji, twaa kalamu uandike herufi mbili tu, B na D, wala usiongeze a, e, i, o wala u. Kisha mpe mwenzako asome. Huenda akasema ni bado, na huenda akasema ni budi. Sasa mwongezee shida mbili nyingine. Mwambie ya kuwa katika mwandiko huu hakuna herufi ya p, na kwa hiyo b hutumika mahali pake. Tena n ikitangulia d haiandikwi. Papo hapo herufi zile mbili zaweza kuwa panda, penda, pinda, ponda, punda, banda au bunda. Mwenzako atakurudishia karatasi na kusema ya kuwa hili ni fumbo, si neno.

Hata hivyo, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kila siku ya mtu aliyepokea barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Barua za namna hiyo zilitumwa pwani kwa karne nyingi. Zipo zilizotoka Kilwa mwaka 1711 ambazo zimehifadhiwa mpaka leo huko Goa, katika Bara Hindi, kwa sababu zilipelekwa kwa Wareno. Baadaye, misafara ya biashara ilipoingia bara, barua ziliingia pamoja nayo, zikafika Tabora, Ujiji na nchi zote za Ziwa Tanganyika. Watu walizisoma, wakalipa madeni na kupokea mizigo kwa maneno yaliyokuwamo. Maongezi haya yataeleza jinsi walivyoweza, na kwa nini jambo hili lamhusu hata mtu akaaye Namanyere, mbali na bahari.

Kwanza yafaa tujue desturi ya Waarabu wenyewe. Alfabeti yao ina herufi 28, na zote huhesabiwa kuwa konsonanti. Sauti ndefu za a, i na u huandikwa kwa herufi tatu kati ya hizo: alifu, ye na wau. Lakini sauti fupi haziandikwi kwa herufi. Huonyeshwa kwa alama ndogo zinazowekwa juu au chini ya herufi, nasi twaziita irabu. Ya sauti a ni fataha, kistari kidogo juu ya herufi. Ya sauti i ni kasra, kistari kile kile chini yake. Ya sauti u ni dhuma, mfano wa wau ndogo iliyokaa juu. Kurani huchapwa kwa irabu zote, na vitabu vya watoto wanaoanza kusoma vivyo hivyo. Lakini magazeti, barua na vitabu vya watu wazima huandikwa bila irabu, na Mwarabu huvisoma mbio kama wewe usomavyo ukurasa huu.

Awezaje? Siri imo katika maumbile ya lugha yake. Maneno mengi ya Kiarabu yamejengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu, na mzizi huo ndio unaochukua maana. Twaa mzizi wa k, t, b, ambao maana yake ni kuandika. Kataba maana yake aliandika, kutiba ni kimeandikwa, kutub ni vitabu. Maneno haya matatu, yakiandikwa bila irabu, hayana tofauti hata moja. Lakini ukiiona alifu baada ya t, ni kitab. Ukiiona baada ya k, ni katib, yaani mwandishi. Ikitangulia m, na wau ikiwa kabla ya b, ni maktub, kilichoandikwa. Wewe msomaji wa Kiswahili unao mzizi huu nyumbani mwako bila kujua, kwa kuwa maneno yetu kitabu, katibu, maktaba na mkataba yote yametoka hapo.

Basi Mwarabu anaposoma, hasomi herufi moja moja. Huutambua mzizi, kisha huitambua sura ya neno, kisha hutazama mahali neno lilipokaa katika sentensi. Herufi za ain, lam na mim zaweza kuwa ilm, yaani elimu, au alam, yaani bendera. Lakini mtu akiandika ya kuwa askari wamepandisha neno hilo juu ya mlingoti, nani atafikiri ya kuwa wamepandisha elimu? Maneno mengine katika sentensi humshika mkono msomaji na kumwongoza.

Hata Waarabu, lakini, hawakuwa na irabu tangu mwanzo, na habari ya kuzuka kwake ina mafundisho. Nakala za kwanza za Kurani, za karne ya 7, ziliandikwa bila irabu, tena mara nyingi bila vile vitone vinavyotenga herufi zinazofanana, kama be na te. Aliyezaliwa katika lugha na kuihifadhi Kurani moyoni hakupata taabu. Lakini Uislamu ulipoenea Iraki na Uajemi, waliingia watu wengi ambao lugha ya mama zao haikuwa Kiarabu, na makosa ya kusoma yakazidi. Hapo hukumbukwa mtu wa Basra, Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyekufa mwaka 688, ya kuwa ndiye aliyeanza kutia vitone vya wino wa rangi nyingine: juu ya herufi kwa sauti a, chini kwa i, na mbele yake kwa u. Katika karne ya 8 akatokea mwanachuoni mwingine, al-Khalil bin Ahmad, aliyezaliwa Oman na kusomesha Basra. Huyo aliviacha vile vitone, akatumia alama zilizofanana na herufi zenyewe kwa udogo, na hizo ndizo irabu tunazoziona leo.

Hapa pana jambo la kushika. Irabu hazikutungwa kwa ajili ya mwenyeji wa lugha. Zilitungwa kwa ajili ya mgeni na mtoto. Mwenyeji huleta sauti kutoka kichwani mwake. Mgeni hana cha kuleta, kwa hiyo lazima apewe.

Sasa tuje kwa Waswahili. Walipozitwaa herufi za Kiarabu, walitwaa vazi lililoshonwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Kiswahili kina vokali tano, na irabu za Kiarabu ni tatu tu. Kwa hiyo kasra ilifanya kazi ya i na ya e, na dhuma ilifanya kazi ya u na ya o. Kiarabu hakina p, ch, v, wala g kama tuitamkavyo. Kwa hiyo be ilisimama mahali pa p, fe mahali pa v, na ghaini mahali pa g. Sauti za puani, kama katika mb na nd, mara nyingi ziliachwa zisiandikwe. Zaidi ya hayo, katika Kiswahili vokali si nyama iliyofunika mfupa. Vokali yenyewe ni mfupa. Penda na panda havina mzizi mmoja. Ukibadili vokali moja, umebadili jambo lote.

Ndiyo maana hata irabu zikitiwa zote, shaka haiishi. Andika be yenye kasra na dali yenye fataha: msomaji ataona penda, na ataona pinda. Andika be yenye dhuma na dali yenye fataha: ni punda, ni ponda, ni bunda. Chuma na choma, mambo mawili ambayo Wafipa, wafua chuma mashuhuri wa zamani, waliyajua vizuri katika tanuri zao, huvaa dhuma ile ile. Watunzi wa tenzi, wakijua hatari hiyo, kwa kawaida walitia irabu katika kazi zao. Lakini mfanyabiashara aliyeandika barua juu ya goti, huku wapagazi wakingoja kufunga mizigo, mara nyingi hakuwa na nafasi hiyo.

Basi aliyepokea alisomaje? Alikuwa na misaada minne.

Msaada wa kwanza ni desturi ya barua. Mwanzo wake ulikuwa maamkio ya Kiarabu, yaliyofanana katika barua zote, na msomaji aliyajua kwa moyo. Kisha huja neno la kufungua habari, wa baadu, na hapo ndipo Kiswahili kinapoanza. Mwishoni husimama salamu tena, jina la mwandishi, na tarehe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya karatasi ilikwisha kujulikana kabla haijasomwa.

Msaada wa pili ni ngeli za Kiswahili chenyewe. Lugha yetu hurudia alama ya jina katika kila neno linaloliandama. Mtu akiandika b na d, kisha neno la pili likaanza na herufi ya w, ni punda wangu. Likianza na herufi ya l, ni banda langu. Kile ambacho irabu hazikusema, upatanisho wa maneno umekisema.

Msaada wa tatu ni kuyajua mambo yenyewe. Aliyepokea barua alijua ni nani anayemdai, ni msafara gani uliotoka, na pembe ngapi zilingojewa. Jambo lililoandikwa lilikuwa jibu la jambo alilouliza yeye mwenyewe. Na msaada wa nne ni mjumbe: mara nyingi aliyeleta barua alikuwa na maneno kinywani ya kutimiza yale yaliyokuwa katika karatasi.

Ukiiondoa misaada hii, herufi hubaki peke yake. Ndivyo ilivyowapata Wazungu walipotaka kutawala nchi hii. Walikuta Kiswahili cha kuandika kimeenea, na watu wa serikali yao walilazimika kukisoma. Katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichofunguliwa Berlin mwaka 1887, Kiswahili kilifundishwa, na mwaka 1892 C. G. Büttner alichapa mkusanyo wa maandiko ya Waswahili katika herufi za Kiarabu. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa kitabu kizima cha kufundisha kusoma mwandiko huo. Watu wazima wenye elimu ya vyuo vikuu walikaa kitako kama watoto wa chuoni, wakijifunza kubahatisha ipi ni penda na ipi ni pinda.

Yako matunda mawili ya kazi ya namna hiyo ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuyajua. La kwanza ni mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalikuwa katika vinywa vya watu na katika karatasi chache. Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa, aliyakusanya na kuyaeleza pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Sikujua alifariki mwaka 1890, na mashairi yakachapwa mwaka 1940 huko Johannesburg kwa juhudi ya William Hichens. Taylor alikijua Kiswahili kuliko wageni wengi. Hata hivyo, bila mwenyeji wa kumwambia neno hili ni hili na maana yake ni hii, karatasi zile zingalimshinda.

La pili latukaribia sisi wa bara. Hamed bin Muhammed, ambaye watu wengi humjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika mwenyewe habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza maandiko hayo kuwa herufi za Kirumi, yakachapwa Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, wakati mwandishi yu hai bado. Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905. Humo mna habari za pembe, bunduki, vita na watumwa katika nchi za kusini ya Ziwa Tanganyika, pamoja na vita vyake vya mwaka 1867 na Nsama wa Itabwa. Ni maneno ya mtu aliyetenda, na waliotendewa hawakuachiwa kalamu. Kwa sababu hiyo yatupasa kuyasoma kwa macho mawili. Lakini kwanza lazima yasomeke.

Katika miaka hiyo hiyo Ufipa ilikuwa na milki mbili, Nkansi na Lyangalile, na wafanyabiashara wa pwani waliipita nchi hii wakienda na kurudi. Joseph Thomson aliivuka mwaka 1880, na David Livingstone alipita katika nchi za pwani ya ziwa mwaka 1872. Karema, upande wa kaskazini, Mapadre Weupe walishika kituo mwaka 1885, nao walifundisha kusoma kwa herufi za Kirumi, kama alivyofanya Edward Steere huko Unguja, ambaye kitabu chake cha mafundisho ya Kiswahili kilichapwa mwaka 1870. Serikali ya Kijerumani nayo ikazidi kuzitumia herufi hizo katika shule zake, na baada yake Waingereza. Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, kazi yake ya kusanifisha Kiswahili ilifanywa kwa herufi za Kirumi. Zinazo vokali zote tano, na mtu huweza kuzisoma hata asipokijua kisa. Hiyo ni faida kubwa, wala hapana haja ya kuikana. Lakini ilikuwa na gharama yake: wajukuu hawakuweza tena kusoma barua za babu zao.

Mtu anayetaka kujifunza leo aanzeje? Asianze na karatasi tupu isiyo na irabu, maana atakata tamaa siku ya kwanza. Aanze na maandishi yenye irabu mpaka mkono na jicho vizoee. Kisha achukue maneno anayoyajua yaliyotoka Kiarabuni, kama habari, safari, darasa na kitabu, ayaandike bila irabu, ayasome tena. Atambue sura: m mwanzoni mara nyingi huonyesha mtendaji, kama msafiri na mwalimu, au mahali, kama madrasa na maktaba. Baada ya hapo achukue kifungu kizima alichokwisha kukisoma kwa irabu, akisome katika nakala isiyo nazo. Lakini ajihadhari na udanganyifu mmoja: mtoto aliyehifadhi sura kwa moyo hudhani anasoma, kumbe anakumbuka. Atajijua kweli siku atakapopewa ukurasa asiopata kuuona.

Akifika katika barua za Kiswahili za zamani, atakuta ya kuwa maneno ya kawaida hutambulikana mapema. Panaposhinda ni majina ya mahali na ya watu. Neno la kawaida huelezwa na maneno yaliyo jirani yake; jina halielezwi na kitu. Andika Kirando, ile bandari yetu ya ziwani, kwa mwandiko wa zamani: kaf, re, dali. Mwanachuoni wa Lamu au wa London, hata awe bingwa, aweza kusoma Karada, Kirudo, Kuranda. Andika Namanyere: nuni, mim, nuni, ye, re. Ataizungusha usiku kucha. Lakini mtu wa Nkasi, akisomewa herufi hizo polepole na kuambiwa ya kuwa msafara ulitoka Karema ukaelekea kusini, atacheka na kusema, hapa ni kwetu. Majina ya vijito, ya vilima, ya watawala na ya koo za Ufipa hayamo katika kamusi yoyote ya Kiarabu. Yamo vichwani mwa watu.

Kwa hiyo, katika kazi hii, mtu wa kijijini si mwanafunzi tu. Ana irabu ambazo mwanachuoni hana. Lakini irabu hizo huzikwa pamoja na wazee. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa za Zanzibar zimehifadhi maandiko mengi ya herufi za Kiarabu, na kuta zake huyalinda na mvua na mchwa. Hakuna ukuta unaohifadhi jina la kijito ambacho hapana tena anayekitaja.

Basi pakionekana karatasi ya namna hiyo katika kasha la mzee, iwe ni barua, hati ya deni au hati ya shamba, isifungiwe tumbaku wala isichomwe kwa kuwa haisomeki. Iwekwe mahali pakavu, isikunjwe mara nyingine, wala isitiwe wino juu yake. Aitwe mtu ajuaye herufi, mwalimu wa chuo au mwingine. Na papo hapo aitwe mzee ajuaye habari za nchi, hata ikiwa hakupata kushika kalamu maisha yake yote. Wakae mkeka mmoja. Mmoja ataje konsonanti, wa pili atafute jina. Na kijana aliyesoma shule akae kati yao na daftari, aandike kila wanalolikubali, na jina la aliyelisema, na tarehe ya siku hiyo.